Tangi la maji ya chumvi lililokomaa: upime kila siku, kila wiki au kila mwezi?

Juu ya kabati langu yapo madaftari mawili. Moja ni langu: kila ukurasa una safu za tarakimu, tarehe kwa tarehe, na madoa ya maji ya chumvi yaliyokauka yakaacha weupe pembeni. La pili ni la shemeji yangu, kaniletea nilikague. Vipimo vyake vya mwaka mzima vimeingia kurasa mbili. Yeye hupima maji mara moja kwa mwezi, na tangi lake la sebuleni kule Tabata lina mwaka wa nne sasa. Langu, hapa Mikocheni, Dar es Salaam, limeingia mwaka wa sita, na kuna kipimo kimoja nakifanya mara tatu kwa wiki.

"Shemeji," akaniuliza, "kama maji yangu mazima na yako mazima, wewe unajihangaisha na nini?"

Nimelifikiria swali lake siku kadhaa, kwa sababu linaulizwa na kila mtu aliyevuka ule mwaka wa kwanza wa mashaka na sasa anaona samaki wanakula, maji yanang'aa, hakuna anayekufa. Jibu langu ni kwamba ratiba yake inalifaa tangi lake. Ningeichukua kama ilivyo nikailetea tangi langu, mwezi usingeisha kabla sijapoteza matumbawe. Na yeye akiichukua yangu, atamaliza dawa za vipimo bure na baada ya miezi mitatu atachoka, aache kupima kabisa. Huo uchovu nimeuona kwa watu wengi.

Matangi mawili, lita zilezile

Yote mawili ni ya lita 300. La shemeji ni la samaki tu: kangaja mmoja, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, konokono wa kula mwani, na mawe ya bahari yaliyojaa vijitundu. La kwangu lina samaki wachache, ila limejaa matumbawe magumu, yote yametokana na vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ya watu wengine. (Tafadhali usiende kuvunja matumbawe baharini. Mwamba wetu ulishaumia vya kutosha mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na matumbawe yakageuka meupe pwani nzima.)

Ukisimama mbali matangi haya yanafanana. Tofauti ni moja tu: katika la shemeji karibu hakuna kinachokula madini ya maji. Samaki huongeza vitu kwenye maji, yaani uchafu wao na mabaki ya chakula. Matumbawe magumu huchota, usiku na mchana, ili yajenge mifupa yao. Kitu kinachoongezeka polepole unaweza kukisubiri mwezi. Kinachochotwa kila saa hakikusubiri.

Amonia na naitraiti: hapa shemeji ana haki

Tangi likiwa jipya, unapima amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na naitraiti karibu kila siku mpaka bakteria wazaliane kwenye mawe na mchanga. Hilo huchukua kama wiki nne hadi sita. Bakteria wakishakaa, amonia inageuzwa naitraiti, na naitraiti inageuzwa naitreti, kwa kasi ambayo kipimo chako cha rangi hakitaona kitu. Katika tangi lililokomaa, lenye idadi ileile ya samaki na chakula kilekile, kupima amonia kila Jumapili ni kuandika sifuri hamsini na mbili kwa mwaka.

Naitraiti ina jambo la ziada. Wengi wametoka kufuga samaki wa maji baridi, ambako naitraiti inaua, wakaja nayo hofu hiyo. Kwenye maji ya bahari kloridi ni nyingi mno kiasi kwamba inaizuia naitraiti isipenye kwenye matamvua ya samaki kwa urahisi. Mimi nimeifuta kwenye ratiba kabisa.

Amonia sijaifuta. Nimeitoa kwenye kalenda nikaiweka kwenye matukio, na nitaeleza matukio gani.

Alkaliniti dhidi ya kalsiamu

Hapa naomba utulie nami, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopima sana kitu kisichohitaji na kukisahau kinachohitaji.

Matumbawe yanapojenga mfupa hutumia kalsiamu na kaboneti pamoja, kwa uwiano usiobadilika. Kwa kila miligramu 20 za kalsiamu kwa lita zinazotumika, alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti na baikaboneti majini, hushuka kwa takriban 2.8 dKH (digrii zinazoipima akiba hiyo). Sasa angalia akiba iliyomo majini. Maji ya bahari yana kalsiamu ya kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na alkaliniti ya kama 7 dKH. Kwenye matangi wengi tunaiweka kati ya 7 na 9. Yaani ghala la kalsiamu ni kubwa, la alkaliniti ni dogo, na vyote vinachotwa kwa pamoja.

Tangi langu linatumia kama 0.6 dKH kwa siku. Tuseme sijaongeza chochote wiki nzima. Nimeanza na alkaliniti 8.4 na kalsiamu 430. Baada ya siku saba alkaliniti imeshuka kwa 4.2, imebaki nusu, na matumbawe yameshaanza kuacha nyama kwenye ncha. Kalsiamu imeshuka kwa miligramu 30 tu, iko 400. Mtu anayepima kalsiamu peke yake kila Jumapili angeandika 400 kwenye daftari, akaridhika, akaenda kulala.

Na kuna upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Kwa siku moja kalsiamu yangu inashuka kwa miligramu 4 hivi. Seti nyingi za vipimo vya nyumbani husoma kwa hatua ya 5 au 10. Nikiipima kila siku nitakuwa napima mkono wangu na macho yangu, maji sijayapima. Leo 430, kesho 420, keshokutwa 430 tena, na mtu mwenye wasiwasi atakimbilia kumwaga dawa kwa mabadiliko ambayo hayakuwepo. Kipimo kina umuhimu pale ambapo mabadiliko ya kweli ni makubwa kuliko kosa la kipimo chenyewe. Kwa alkaliniti yangu, siku mbili tatu zinatosha kuonyesha. Kwa kalsiamu, wiki mbili. Kwa magnesiamu, ambayo iko karibu miligramu 1,300 kwa lita na inaguswa kidogo sana, mwezi.

Ndiyo maana alkaliniti naipima mara tatu kwa wiki. Nina pampu ndogo inayodondosha mchanganyiko wa baikaboneti siku nzima kufidia kinacholiwa. Ikiziba Jumapili usiku, kufikia Jumatano nimeshapoteza 1.8 dKH. Hapo naweza kurudisha pole pole, isizidi 1 dKH kwa siku, na hakuna tumbawe litakalodhurika. Ningeisubiri Jumapili inayofuata, ningekuta msiba.

Kwa shemeji? Alkaliniti yake inasogea kidogo mno, na maji mapya anayobadilisha kila wiki mbili, lita 45, yanaifidia. Mara moja kwa mwezi ni sawa kabisa. Kalsiamu na magnesiamu nilimwambia asinunue hata vipimo vyake.

Chumvi na joto havina mjadala

Katika hili sikumpa shemeji nafuu yoyote. Yeye alikuwa anapima chumvi mwisho wa mwezi pamoja na vingine. Nikamwambia hapana, hiki cha kila siku, na kama siku moja imekupita basi kisikupite siku ya pili.

Sababu ni Dar yenyewe. Kwa joto letu, hasa kati ya Januari na Machi, wengi tunaweka feni inayopuliza juu ya maji ili yapoe. Feni hupoza kwa kuyakausha maji. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Tangi la lita 300 lenye feni linaweza kupoteza lita 5 kwa siku.

Mwaka mmoja nilikwenda Tanga kwa sikukuu ya Idi, siku tano. Kijana wa jirani alikuwa analisha samaki vizuri, ila sikumwonyesha mstari wa maji wala dumu la kuongezea. Lita 25 zikakauka. Fanya hesabu: chumvi ya maji ya bahari ni kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, basi 35 mara 300, gawa kwa 275, unapata zaidi ya 38. Niliporudi usiku, matumbawe yote yalikuwa yamejikunja, na kangaja niliyekuwa naye wakati huo amesimama kwenye kona anahema. Kilichomalizia ni haraka yangu. Nilimimina lita zote 25 za maji yasiyo na chumvi kwa mkupuo, nikayashusha maji toka 38 hadi 35 ndani ya nusu saa. Asubuhi yake nilitoa konokono wanane waliokufa na makoloni mawili ya matumbawe yaliyokuwa yanachuruzika. Ningeyagawa kwa siku mbili yangepona.

Basi kila asubuhi naangalia mstari niliouchora kwa kalamu ya wino kwenye kioo. Maji yakiwa chini ya mstari naongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Huo mstari ni kipimo cha bei ya bure na ndio ninaouamini kila siku. Rifraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopindisha mwanga, natumia mara moja kwa wiki kuthibitisha.

Kuhusu chombo chenyewe, kati ya haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea na rifraktomita, ukiweza chukua rifraktomita. Ule mkono ukinasa vipovu unapanda na kukusomea chumvi nyingi kuliko iliyopo. Ukishika maganda ya chumvi iliyokauka unazama na kukusomea kidogo. Lakini rifraktomita nayo ina mtego. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa maji ya chumvi ya kawaida, ile ya jikoni, na maji ya bahari hupindisha mwanga tofauti kidogo. Ukiiweka sawa kwa maji safi peke yake, maji ya bahari ya 35 itayasoma karibu 36.5. Nunua kichupa cha maji ya kulinganishia ya 35, uisawazishe kwa hayo. Tone moja, funga kifuniko, subiri nusu dakika joto lilingane, inua kuelekea dirishani, soma pale bluu inapokutana na nyeupe.

Joto ni kutupia jicho tu kipimajoto asubuhi na alasiri. Mimi nataka 25 hadi 27. Likifika 29 naongeza feni na kupunguza saa za taa.

Naitreti, fosfeti na pH

Naitreti ya shemeji inapanda pole pole kwa chakula anachotoa. Mwezi hadi mwezi ameandika 20, 25, 25, 30. Kwa tangi la samaki tu hilo halimtishi mtu. Kitu cha kukumbuka ni kwamba kubadilisha asilimia 15 ya maji kunaondoa asilimia 15 tu ya naitreti. Kutoka 30 unafika 25 na nusu, si sifuri. Kwangu naipima kila wiki pamoja na fosfeti, maana matumbawe yanataka kidogo lakini hayataki sifuri. Nilishawahi kusafisha kupita kiasi, fosfeti ikatoweka, na mchanga ukafunikwa utando wa kahawia wenye vipovu ulionichukua miezi kuuondoa.

pH, kipimo cha uasidi wa maji, hupanda mchana na kushuka usiku, kwa sababu viumbe wanaotumia mwanga hula hewa ukaa taa zikiwaka. Tofauti ya 0.2 au 0.3 ndani ya siku moja ni kawaida. Kama leo umepima saa mbili asubuhi na wiki ijayo saa mbili usiku, hujalinganisha chochote. Chumba chenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa na watu wengi ndani, nacho hushusha pH. Alkaliniti ikiwa nzuri, mimi pH siifukuzii.

Nikiyaweka pamoja:

| Kipimo | La samaki tu | La matumbawe magumu |
|---|---|---|
| Joto, mstari wa maji | kila siku | kila siku |
| Chumvi kwa rifraktomita | kila wiki | kila wiki |
| Alkaliniti | kila mwezi | mara 2 au 3 kwa wiki |
| Kalsiamu | si lazima | kila wiki mbili |
| Magnesiamu | si lazima | kila mwezi |
| Naitreti | kila mwezi | kila wiki |
| Fosfeti | mwani ukizidi | kila wiki |
| Amonia | kukiwa na tukio | kukiwa na tukio |

Tangi la matumbawe laini, yale ya nyama nyama yasiyo na mfupa mgumu, liko katikati. Alkaliniti mara moja kwa wiki inalitosha.

Matukio yasiyongoja kalenda

Ratiba ya mwezi ina pengo moja kubwa. Samaki mmoja wa shemeji, mkubwa, aliwahi kufia nyuma ya mawe tarehe 6, na siku yake ya kupima ilikuwa tarehe 30. Aligundua kwa harufu na kwa povu lililokuwa linatoka kwenye skima (kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu) kwa wingi usio wa kawaida. Hapo ndipo kipimo cha amonia kinafanya kazi yake: samaki amepotea humwoni, pima leo na kesho. Kumbuka pH ya maji ya chumvi iko juu, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali ya sumu.

Umeme ukikatika saa nyingi, ni vivyo hivyo. Mara pampu zinaposimama, adui wa kwanza ni kukosa oksijeni. Koroga maji kwa jagi, au washa pampu ndogo ya betri ya kupuliza hewa. Umeme ukirudi pima amonia, kwa sababu filta iliyokaa bila mzunguko huenda bakteria wake wamekufa. Pima pia baada ya kuweka samaki wapya, na baada ya kutumia dawa ya kutibu ndani ya tangi.

Tukio la mwisho ni la kwetu sisi wa pwani tunaochota maji baharini. Shemeji huchota upande wa Kigamboni unaotazama bahari kuu, siku za bamvua, maji yakiwa yanajaa. Kiangazi maji yake ni mazuri. Masika yakianza, usiyaamini. Mvua hupunguza chumvi ya juu, na mito kama Msimbazi inamwaga uchafu wa mji baharini. Mwezi Aprili tulipima dumu baada ya dumu, tukapata 31 kwenye moja. Kila dumu lipimwe kabla ya kumiminwa, hata kama ratiba yako ya tangi ni ya mwezi. Mimi nachanganya chumvi ya mfuko, na bado kila mchanganyiko naupima, kwa sababu chumvi iliyofyonza unyevu haipimiki kwa kikombe kama ile kavu.

Matone, mashine au maabara

Vipimo vya matone ndivyo ninavyomshauri mtu wa kawaida. Vinafundisha mkono. Alkaliniti, kwa mfano: unavuta maji ya tangi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unadondoshea rangi, maji yanakuwa ya bluu ya kijani, kisha unaongeza dawa tone kwa tone huku unatikisa. Kuna tone linaloleta waridi likapotea, na la pili linaloleta waridi likabaki. Acha pale. Dakika tatu. Soma mchana karibu na dirisha, si chini ya taa ya njano, na andika tarehe ya kuisha kwenye boksi kwa kalamu nene. Kwa joto letu, dawa zihifadhiwe kabatini pa baridi, si juu ya tangi penye taa.

Kipimo cha kidijitali kinachosoma rangi chenyewe kinamfaa mwenye macho yanayochanganya rangi, na kwa fosfeti kina faida kubwa kwa sababu tofauti za bluu hafifu ni ngumu mno kuziona. Mashine zinazopima alkaliniti zenyewe mara kadhaa kwa siku ni nzuri kwa mwenye tangi kubwa la matumbawe au anayesafiri sana, mradi ana betri ya akiba ya umeme. Vihisi vya pH vinataka kusawazishwa mara kwa mara. Kihisi kilichoachwa mwaka mzima kinakuonyesha namba nzuri isiyo na maana.

Kutuma sampuli maabara Ulaya kupimwa madini kadhaa kwa wakati mmoja, nimefanya mara mbili kwa mwaka. Inakuonyesha shaba iliyovuja kutoka kwenye kifaa kilichoshika kutu, jambo ambalo matone hayataliona. Lakini majibu yanakuja baada ya wiki, na vipimo vingi vya aina hiyo havikupi alkaliniti ya siku ile uliyochota. Kwa tangi la shemeji ni fedha ya kununulia pampu ya akiba.

Jana kanipigia simu. Binti yake ameona matumbawe yangu na ameomba walau kipande kimoja. Nitampa kimoja kigumu, cha kijani, ukubwa wa kidole gumba. Kipande kimoja hakitaishusha alkaliniti ya lita 300, lakini namjua mtoto yule, hakitabaki kimoja. Kwa hiyo tumekubaliana: wiki mbili za kwanza atapima alkaliniti kila jioni saa moja, ajue tangi lake linakula kiasi gani, halafu ndipo tutakaa na daftari lake kuchora ratiba upya.